Anayefungiwa Nje ni Aliyelipa

Mazungumzo na mafundi kompyuta na wanafunzi wa TEHAMA, Mwanza. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema. Nilichoondoa ni marudio na kelele za jenereta.

Mwenyekiti, walimu, mafundi wenzangu, na ninyi vijana wa chuo mliokaa karibu na mlango kama watu wenye safari: itifaki imezingatiwa. Wakubwa zangu, shikamooni. Vijana, hamjambo.

Nimeombwa nizungumzie programu tunazotumia majumbani, mifumo endeshi, na zile kinga za kuzuia watu wasikopi muziki, filamu na vitabu. Mada ni pana, sitaimaliza. Ninalo jambo moja, na nalisema sasa hivi ili mwenye haraka aondoke nalo: kufuli ambalo muuzaji analiacha ndani ya kitu alichokwisha kukuuzia halimpati mwizi. Mwizi hakutani nalo. Anayekutana nalo ni yule aliyekwenda dukani akatoa pesa yake.

Nianze na simu za mkopo, maana najua humu ndani zimo. Unachukua simu kwa kianzio, unalipa kidogo kidogo kila siku. Siku rejesho likikosekana, kioo kinajifunga, unabaki na ukurasa mmoja unaokukumbusha deni. Mafundi mnajua zaidi: mteja anakuletea uiflashi, yaani uifute na kuiwekea mfumo upya, unaiflashi, inawaka vizuri, ikishika mtandao tu kufuli linarudi, kwa sababu simu imeandikishwa kwa IMEI yake, namba yake ya utambulisho, huko kwenye seva, kompyuta kuu ya kampuni. Malalamiko juu ya mikopo hii ni mengi, na riba zake ni mjadala wa siku nyingine. Ila kuhusu kufuli lenyewe, mimi sina ugomvi nalo. Uliambiwa kwamba lipo. Ukakubali. Na ukimaliza deni linafunguka, simu inakuwa yako.

Kipimo hicho kishikeni: uliambiwa, na ukimaliza kulipa linafunguka. Vitu nitakavyovitaja leo vililipiwa taslimu, shilingi ya mwisho, siku ya kwanza. Kufuli halikufunguka. Na kuna mahali hata kuambiwa kwamba lipo, watu hawakuambiwa.

Mwaka 2005 Marekani, kampuni ya muziki ya Sony BMG ilikuwa inauza CD zenye kinga ya nakala. Bwana mmoja, Mark Russinovich, bingwa wa undani wa Windows, alikuwa anaijaribu programu aliyoitengeneza mwenyewe ya kusaka rutikiti. Kwa vijana ambao hawajakutana nayo: rutikiti ni programu inayoingia chini kabisa ya mfumo endeshi na kuufanya mfumo wenyewe useme uongo. Unafungua folda, Windows inakwambia hakuna kitu. Unatazama orodha ya programu zinazotembea, humo haimo. Ni mbinu ya wadukuzi. Russinovich akaendesha kisakaji chake kwenye kompyuta yake mwenyewe, kikamwambia: unayo.

Huyu si mtu wa kubofya kila kitu kinachong'aa. Akafuatilia draiva, zile programu zinazoendesha vifaa, moja baada ya nyingine mpaka akafika kwenye kampuni ya Uingereza iitwayo First 4 Internet, na bidhaa yao, kinga iitwayo XCP. Kutoka hapo akafika kwenye CD aliyokuwa ameinunua kihalali, ya ndugu wawili wanaojiita Van Zant. Alikuwa ameiweka kwenye kompyuta asikilize muziki. Tarehe 31 Oktoba 2005 akaandika yote hadharani, hatua kwa hatua.

Sasa mafundi, hapa ndipo utamu ulipo. XCP ilificha kila kitu ambacho jina lake linaanza na alama hizi: $sys$. Faili, folda, programu inayotembea, hata maandishi ndani ya rejista, daftari la mipangilio ya Windows. Haikuuliza faili ni la nani. Maana yake, kirusi chochote ukikipa jina linaloanza na $sys$, kompyuta iliyokwisha kulishwa CD ile inakificha kwa niaba yako, na antivairasi nyingi zinapita bila kukiona. Wiki mbili hazikuisha, virusi vya namna hiyo vikaonekana. Vijana wanaocheza gemu ya World of Warcraft nao wakagundua kwamba programu zao za kuibia mchezo zinaweza kujificha humo humo. Na hiyo programu ya kinga haikulala: kila sekunde mbili ilikagua kinachoendelea ndani ya kompyuta, hata kama CD umeshaitoa na kuirudisha kabatini. Russinovich alipoifuta kwa mkono, CD draivu ikatoweka kwenye Windows. Huyo ni bingwa. Mteja wako wa kawaida angelibeba boksi zima akuletee, na wewe ungempigia window upya, umtoze, na usingejua kamwe kwamba tatizo lilikuwa albamu ya muziki.

Ni sawa na muuza magodoro anayekuletea godoro nyumbani, akaondoka, kumbe amemwacha mlinzi wake uvunguni ahakikishe hulali na mtu asiyemtaka yeye.

Mkataba wa leseni uliotokea kwenye kioo ulisema itawekwa programu ndogo. Haukusema inajificha. Njia ya kuiondoa haikuwemo kwenye CD. Na Thomas Hesse, aliyekuwa mkuu wa biashara ya kidijitali ya kampuni hiyo, alipohojiwa redioni alisema kwamba anadhani watu wengi hata hawajui rutikiti ni nini, kwa hiyo wajali kwa nini? Mimi ninaikumbuka kauli hiyo kuliko kitu kingine chochote katika kisa hiki. Mgonjwa hajui jina la ugonjwa, basi haumwi.

Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Kelele zilipozidi wakatoa programu ya kuiondoa. Ili uipate unajaza fomu, unatoa anwani yako ya barua pepe, unasubiri. Edward Felten na Alex Halderman wa Chuo Kikuu cha Princeton wakaichunguza, wakakuta kwamba inaacha tundu ndani ya kompyuta, na kupitia tundu hilo tovuti yoyote unayoitembelea inaweza kuendesha programu inayotaka kwenye mashine yako. Dawa ikawa kali kuliko ugonjwa. Na bado: wachunguzi walikuta ndani ya XCP vipande vya programu huria, zile ambazo yeyote anaruhusiwa kuzitumia akifuata masharti, vilivyotumika bila kufuata masharti ya leseni zake. Yaani kinga ya hakimiliki nayo ilikuwa na hakimiliki za watu ndani yake.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Mwezi Novemba Sony BMG ilisimamisha XCP, ikaziondoa madukani CD za majina yapatayo hamsini, ikawabadilishia wanunuzi. Jimbo la Texas likaishtaki, wanunuzi wakashtaki, na mwaka 2007 Tume ya Biashara ya Marekani ikafikia nao makubaliano kuhusu fidia. Walilipa.

Lakini swali langu liko pale pale. Katika patashika yote hiyo, mwizi alisumbuka wapi? Kinga ile iliingia kwa kutegemea tabia ya Windows ya wakati huo ya kuendesha CD yenyewe punde unapoiingiza. Ukiwa umeizima tabia hiyo, haiingii. Ukiwa unatumia Linux, mfumo endeshi huria, CD inacheza kama CD. Halderman huyo huyo, mwaka 2003 akiwa mwanafunzi, alionyesha kwamba kinga ya kampuni nyingine, SunnComm, inashindwa ukishikilia kitufe cha Shift wakati unaingiza CD. Kitufe cha Shift! Kampuni ikatangaza itamshtaki, kisha ikabadili mawazo. Na duniani anahitajika mtu mmoja tu wa kuushinda mlango huo. Akishazitoa nyimbo na kuzipandisha mtandaoni, wengine wote wanapakua MP3 safi isiyo na mlinzi. Kwa hiyo mwaka ule, mtu aliyeiba albamu alikuwa na kompyuta salama, na aliyeinunua alikuwa na rutikiti.

Nasikia minong'ono kwamba hayo ni ya Wamarekani. Haya, turudi nyumbani, kwenye DVD.

DVD za filamu zilipoingia sokoni miaka ya 1990, watengenezaji waliigawa dunia katika kanda, kila kanda na namba yake. Marekani na Kanada wakapewa 1. Ulaya, Japani, nchi za Ghuba, Misri na Afrika Kusini wakapewa 2. Sisi tukawekwa 5, pamoja na sehemu kubwa ya Afrika, India na Urusi. Diski ya kanda moja haitakiwi kucheza kwenye deki ya kanda nyingine. Sababu ni ya kibiashara: filamu itoke Marekani leo, Ulaya baadaye, kwetu wakipenda, kila mahali kwa bei yake.

Sasa chukueni familia ya Unguja yenye ndugu Muscat, na familia za namna hiyo hazihesabiki. Shangazi anakuja likizo amebeba DVD halisi, kaiweka kwenye begi katikati ya nguo isivunjike. Namba 2. Deki aliyonunuliwa bibi hapa kwetu, kama ni ya kampuni kubwa na haijaguswa na fundi, ni namba 5. Wanakaa sebuleni watu wote, diski inaingia, kioo kinaandika kwamba kanda siyo. Ukijaribu kwenye kompyuta, draivu inakuruhusu kubadili kanda mara tano tu. Ya tano ikipita, inaganda hapo milele. Halafu mtoto anatumwa kwa muuza CD wa mtaani, anarudi na filamu ile ile, kasha limefotokopiwa, na inacheza bila shida kwenye deki yoyote. Kwa nini? Kwa sababu aliyeichakachua hakuwa na haja na kanda. Aliondoa namba zote.

Na ile diski halisi ikicheza, inakufungulia onyo la sheria dhidi ya uharamia, na rimoti haikuruhusu kulirusha. Lazima ulisome. Diski ya wizi haina onyo hilo. Kwa hiyo watu pekee duniani waliokuwa wanahubiriwa wasiibe ni wale ambao hawakuiba.

Soko lilijibu lenyewe. Kariakoo kulijaa deki za Kichina zinazocheza kanda zote, na fundi aliyejua namba za siri za kubonyeza kwenye rimoti aliheshimika mtaani. Kinga ya msingi ya DVD, inayoitwa CSS, ilikuwa na ufunguo wa biti 40, kitu dhaifu hata kwa wakati huo. Mwaka 1999 ikatoka programu ya kuivunja, DeCSS, na kijana wa Norwe, Jon Lech Johansen, aliyeshiriki kuitengeneza akiwa na miaka 15, akafikishwa mahakamani. Utetezi ulikuwa kwamba kutazama filamu uliyoinunua kwa pesa yako si kosa. Mahakama ya Oslo ikamwachia huru Januari 2003, na rufaa ikashindwa mwishoni mwa mwaka ule. Na nimewaambia kuhusu programu huria zilizokutwa ndani ya XCP? Mojawapo ilitokana na kazi ya kijana huyu huyu. Waliomwona mhalifu wa makufuli, na waliokopi mkono wake, walikuwa biashara moja.

(Hapa mzee mmoja aliyekaa mbele alinikatiza akauliza: "Kwa hiyo mwanangu unatuambia tukopi?")

Hapana, mzee wangu. Sikusema hivyo na sitasema. Mimi nina rafiki mwanamuziki. Kazi yake ilipigwa mpaka kwenye daladala, na yeye akawa anapanda daladala hiyo hiyo kwa nauli ya kukopa. Wizi wa kazi za sanaa hapa kwetu umewamaliza watu. Ninachosema ni kwamba kufuli la ndani halikuwasaidia watu hao hata siku moja. Tazameni TRA, mamlaka yetu ya mapato, ilipoanza kudai stempu za kodi kwenye CD na DVD mwaka 2013. Mimi niliipenda zaidi njia ile, pamoja na udhaifu wake wote. Stempu inabandikwa juu ya kasha. Inamkabili muuzaji dukani, mahali ambapo wizi unafanyika. Ukishanunua ukafika nyumbani, stempu haikufuati sebuleni kukuuliza unasikilizia wapi. Kilichoizidi nguvu ni flashi na memori kadi. Kila mtaa ulikuwa na kijana mwenye kompyuta moja na spika mbili, unamletea memori anakurushia nyimbo, na hakukuwa na kasha la kubandika kitu.

Nani aliyepunguza biashara ya kijana yule? Si kufuli. Ni pale ilipokuwa rahisi kupata wimbo halali kwenye simu, kwa bando la bei ndogo, kuliko kutembea na memori mpaka kwake. Wakubwa wa muziki duniani walilijua hili kwa njia ngumu. Duka la iTunes la Apple lilifunguliwa Aprili 2003, wimbo mmoja senti 99 za Marekani, ukiwa na kufuli. Februari 2007 Steve Jobs, mkuu wa Apple, akaandika barua ya wazi akisema mambo hadharani: mwaka 2006 nyimbo zenye kufuli zilizouzwa mtandaoni duniani kote hazikufika bilioni 2, wakati kampuni hizo hizo za muziki ziliuza zaidi ya bilioni 20 kwenye CD ambazo hazikuwa na kinga yoyote. Sehemu kubwa ya mali iko nje, wewe unakesha unalinda kapu dogo. Januari 2009 Apple ikatangaza kwamba nyimbo zote dukani mwake zitauzwa bila kufuli. Wala muziki haukufa. Unaniuliza Jobs alisema vile kwa kupenda haki au kwa kuwa nchi za Ulaya zilikuwa zinambana? Mimi naamini alibanwa. Hesabu yake hata hivyo ilikuwa sahihi.

Muziki ukafunguliwa, vitabu na filamu vikabaki. Na kufuli la kisasa lina ubaya mpya ambao rutikiti ya Sony haikuwa nao: linahitaji aliyekuuzia awe hai. Faili lako linauliza seva ya muuzaji kama una ruhusa. Siku muuzaji akifunga duka, seva inazimwa, na faili linabaki yatima. Mwaka 2008 Microsoft ilitangaza kwamba itazima seva za duka lake la MSN Music, ambazo ndizo zilizoruhusu nyimbo kucheza kwenye kompyuta mpya. Watu walipiga kelele, ikaahirisha. Mwaka 2019 ikafunga duka lake la vitabu, na vitabu vyote vilivyonunuliwa humo vikaacha kufunguka. Walirudisha pesa, niwe mkweli, na waliokuwa wameandika maelezo pembeni mwa kurasa wakaongezewa dola 25. Sasa fikirini maktaba yetu ya mkoa: muuza vitabu aje usiku, abebe vitabu vyote rafuni, aache bahasha ya pesa mezani. Mkutubi angeita polisi.

Na Amazon, Julai 2009. Waligundua kwamba toleo fulani la vitabu vya George Orwell liliuzwa kwenye Kindle, kifaa chao cha kusomea vitabu, na mtu asiye na haki ya kuliuza. Wakaingia kwenye vifaa vya wateja kwa mbali, wakavifuta. Kimojawapo ni kile ambacho wengi wenu mlikisoma shuleni kwa jina la Shamba la Wanyama. Kingine ni 1984, chenye serikali inayofuta maandishi ya jana. Kama ningekitunga kisa hiki mwenyewe mngesema nimezidisha chumvi. Mwanafunzi mmoja wa Michigan alipoteza na maelezo yake yote ya masomo. Jeff Bezos, mkuu wa Amazon wakati huo, akaomba radhi hadharani bila kumung'unya maneno. Lakini radhi ilihusu kuutumia mkono ule vibaya. Mkono wenyewe ulibaki ndani.

Mwaka ule ule, mwezi Februari, Kindle mpya ilitoka ikiwa na uwezo wa kusoma kitabu kwa sauti. Chama cha waandishi cha Marekani, Authors Guild, kikalalamika kwamba hiyo inakula soko la vitabu vya kusikiliza, na Amazon ikawapa wachapishaji swichi ya kuizima sauti, kitabu kwa kitabu. Kwangu mimi hilo ni baya kuliko kufutwa kwa Orwell, na halizungumzwi. Wapo wanafunzi wasioona wanaotegemea sauti ya kompyuta kwa kila kitu. Anunue kitabu kwa bei ile ile ya mwenye macho, kisha kitabu kikatae kusema. Nchi zetu zimejiunga na Mkataba wa Marrakesh, Kenya mwaka 2017 na sisi 2020, unaoruhusu kutengeneza nakala za vitabu zinazofikika kwa wasioona. Karatasi inaruhusu, kufuli halisomi karatasi.

Nigusie filamu kwa haraka, maana muda unakimbia. Mnaofungua huduma za filamu kwenye simu za bei nafuu na kushangaa picha ina ukungu, msigombane na mtandao. Simu nyingi za bei ya chini zina kinga ya filamu iitwayo Widevine ya daraja la L3, la chini kabisa, na Netflix kwa daraja hilo haitoi zaidi ya picha ya mistari 480. Kioo chako kina uwezo, bando unalo, umelipia. Simu yako haiaminiki, basi.

Twende kwenye mifumo endeshi, ambako ndiko tunapata mkate.

Windows imekuwa ikituuliza kama sisi ni waaminifu tangu XP ya mwaka 2001. Wakongwe mnaikumbuka skrini nyeusi ya 2008: kila baada ya saa moja mandhari inageuka nyeusi, na maandishi pembeni kwamba nakala yako si halisi. Wateja walidhani ni kirusi. Lakini nani anaikumbuka Agosti 2007? Seva za Microsoft za kukagua uhalali ziliharibika kwa muda wa karibu siku nzima, kosa la kibinadamu huko huko kwao, na watu wenye Windows halali kabisa, XP na Vista, wakaambiwa wana nakala ya wizi. Wenye Vista wakazimiwa baadhi ya vitu. Waliokuwa na Windows iliyovunjwa hawakuhisi chochote, maana zao zilishaacha kuuliza. Hicho ndicho kisa kinachotosha kubeba hoja yangu yote kikiwa peke yake.

Na madhara yake mtaani kwetu ni haya. Mtu mwenye Windows ya kreki anaogopa masasisho. Anakuja kwako: "Fundi, zima hizo apdeti, zisije zikanifungia." Unazima. Microsoft ilikuwa na utaratibu wa kutoa viraka muhimu vya usalama hata kwa wasio na nakala halali, lakini baada ya skrini nyeusi, nani angeamini? Tarehe 12 Mei 2017 kikaja kirusi cha WannaCry, kikasambaa nchi zaidi ya 150, kinafunga mafaili na kudai fidia. Kiraka cha tundu lile kilikuwa kimetoka tangu Machi. Waliokuwa wamezima masasisho walilala mlango wazi. Na sisi mafundi tulikuwa tumewasaidia kuufungua. Aktiveta tunazopakua kwenye tovuti za ajabu ili kuamsha Windows, nusu ya kazi yake ni hiyo unayoiona. Nusu nyingine sitaki hata kuwaza.

Sasa tuko kwenye jingine. Windows 10 imeisha muda wake tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, prosesa ya kizazi cha nane kwenda juu. Mtumba wa kompyuta unaoingia kwetu mnaujua: HP EliteBook 840 G3, kizazi cha sita, SSD ndani, RAM ya kutosha, bodi ngumu. Ni mashine nzima kabisa. Mwalimu anaweza kuandikia mitihani hata miaka mitano ijayo. Imeambiwa imezeeka na mtu ambaye hajawahi kuiona. Zipo njia za kuilazimisha Windows 11 iingie, nanyi mnazo kwenye flashi zenu. Ila mweleze mteja kwamba Microsoft hawakuahidi kuipa masasisho mashine ya namna hiyo. Au mwekee Linux. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili, tangu mwaka 2004, kwa hiyo yule anayesema programu huria ni mambo ya Wazungu amechelewa kidogo. Sidai kwamba Linux ni pepo. Printa zitawasumbua, na mhasibu anayehitaji programu yake ya Windows mwacheni na Windows yake. Kwa mwanafunzi na kwa ofisi ya kijiji, inatosha.

La mwisho ni la kazi tu. Laptopu mpya zenye Windows 11, mteja akiingia kwa akaunti ya Microsoft, diski mara nyingi inasimbwa yenyewe, yaani vilivyomo havisomeki bila ufunguo. Hajaulizwa, hajui. Wewe unabadili bodi, au unasasisha BIOS, programu ya kuwashia mashine, mashine inawaka na ukurasa wa bluu unaodai ufunguo wa tarakimu 48. Ufunguo uko kwenye akaunti ya barua pepe ambayo kijana wa dukani alimfungulia siku anaiuza, neno la siri aliweka yeye, na sasa amehama mji. Picha za harusi zimo humo, na hakuna fundi duniani atakayezitoa. Kwa hiyo kabla hujashika bisibisi, iwashe kwanza mbele ya mwenye mali. Angalieni pamoja kama diski imesimbwa. Kama imesimbwa, ingieni kwenye akaunti yake, uchapisheni ule ufunguo kwenye karatasi, aondoke nao. Kama akaunti haifunguki, mwambie anakili kila kitu kwenye diski ya nje siku hiyo hiyo mashine ikiwa bado inawaka, ndipo mzungumze bei.

Naona mikono imenyooshwa. Mama pale nyuma, karibu.